Jina la Jambo Ndilo Nusu ya Hoja

MKULIMA anayeketi chini ya mwembe kusikiliza hotuba ya mkutano wa hadhara hapewi hoja tupu. Kabla mzungumzaji hajatoa sababu hata moja, amekwisha kulipa jambo lake jina, na ndani ya jina hilo imo hukumu. Akisema kwamba kinachotakiwa ni mchango, msikilizaji amekwisha kuelezwa kuwa anayetoa ni mtu mwema na anayekataa ni mchoyo. Akisema ni kodi, msikilizaji huanza kuuliza ni kiasi gani, inakwenda wapi, na nani amesamehewa. Fedha inayotoka mfukoni ni ile ile. Neno ndilo lililoamua maswali yapi yaulizwe na yapi yafe kooni.

Wapo wanaodhani kwamba ustadi huu ni wa mataifa makubwa tu, yenye wataalamu wanaolipwa kuandika hotuba. Historia ya nchi hii inaonyesha vingine. Mapambano ya Uhuru wa Tanganyika yalikuwa, kwa sehemu kubwa, mapambano juu ya maana ya neno moja: usawa.

Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilihubiri siasa iliyojulikana kama usawa wa rangi tatu. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipangwa upya, wakawekwa wajumbe 30 wasio watumishi wa Serikali: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Kumi, kumi na kumi. Nani angethubutu kusimama hadharani na kuipinga hesabu iliyo sawa namna hiyo? Siasa yenyewe ikaitwa mseto, jina la chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja, nacho ni chakula ambacho hakina adui. Lakini nchi hiyo ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao 20,000. Usawa uliohubiriwa ulikuwa usawa wa mafungu. Binadamu mmoja mmoja hakuhesabiwa. Aliyekubali kwamba kinachohesabiwa ni rangi alikuwa amekwisha kushindwa kabla mjadala haujaanza, hata kama angebishana mpaka jua lichwe kuhusu idadi ya viti.

Busara ya TANU ilikuwa kutoingia katika mtego huo. Chama hakikusema kwamba kinapinga usawa. Kama kingesema hivyo, wapinzani wake wangefurahi mno. Kiliuliza: usawa wa nani na nani? Mwalimu Julius Nyerere alipofika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York mwezi Machi 1955, alidai itambuliwe kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza, na kwamba itatawaliwa kwa misingi ya demokrasia. Wazungu na Waasia hakuwafukuza katika sentensi zake. Aliwaondoa katika mafungu yao akawaweka katika kundi la raia, mtu mmoja mmoja. Tangu siku hizo chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana, kilijikuta kikilitetea neno ambalo limekwisha kuhamishwa maana.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Tabora, mwezi Januari 1958. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura, baada ya kutimiza masharti ya kipato, elimu au cheo, alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyetaka kuwachagua wote watatu kura yake haikuwa kura. Wajumbe wengi wa mkutano mkuu wa TANU walifika wakiwa na nia moja, kuususia uchaguzi huo, na hasira yao ilikuwa ya haki. Husimuliwa kwamba Nyerere aliwapa mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe safi, ambaye shamba lake linavamiwa na tembo, na kati yake na shamba hilo lipo tope. Je, mtu huyo atasimama pale pale aitazame kanzu yake, au ataingia topeni akaokoe mazao?

Mfano huo unastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayejifunza kuhutubia. Kwanza, haukuwaambia wajumbe kwamba wamekosea. Kura tatu zilibaki kuwa tope, nalo tope ni uchafu. Heshima ya hasira yao ilihifadhiwa. Pili, swali lilibadilishwa. Wajumbe walifika wakijiuliza kama kura tatu ni haki, na jibu lilikuwa wazi kwamba si haki. Walipomaliza kusikiliza, swali lililokuwa mbele yao ni shamba litaokolewaje. Tatu, kanzu ni vazi la heshima kwa wengi waliokuwamo ukumbini, na mji wenyewe ulikuwa Tabora. Mfano wa suti na tai usingekuwa na nguvu hiyo. Na nne, jambo ambalo ndilo kubwa kuliko yote, gharama haikufichwa. Aliyekubali kuingia alijua kwamba atatoka na kanzu chafu.

Mkutano ukakubali. Baadaye uamuzi huo ukapewa jina, Uamuzi wa Busara, na hapo lugha ikafanya kazi yake ya pili. Maana uamuzi ukiisha kuitwa wa busara, yule aliyeupinga anabaki na nini? Zuberi Mtemvu, aliyejitenga na kuanzisha chama chake cha African National Congress mwaka huo huo wa 1958, alikuwa na hoja iliyoeleweka: kwamba kushiriki katika uchaguzi wa rangi ni kuukubali ubaguzi. Matokeo ya uchaguzi wa 1958 na 1959, ambao TANU na wagombea iliowaunga mkono waliufagia, na Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, yalionyesha kwamba njia ya Tabora ilifika. Hata hivyo, haki inadai isemwe kwamba hoja ya Mtemvu ilizimwa na kura za wananchi na pia na jina zuri alilopewa mshindani wake.

Baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, majukwaa yalijaa maneno mapya yaliyotoka zizini na shambani. Mnyonyaji, kupe, mrija, beberu. Wasomi waliokuwa wakitafuta namna ya kuyatafsiri maandiko ya kijamaa ya Ulaya walipitwa na lugha ya kawaida. Mfugaji wa Shinyanga hakuhitaji darasa ili ajue kupe ni nini: ni mdudu anayenenepa kwa damu ya ng'ombe asiye wake. Beberu ni mbuzi dume, mwenye harufu, mwenye kuwapanda wengine kwa nguvu. Mtu aliyeunganisha mnyama huyo na dola za kikoloni alikuwa mshairi bila kujijua. Maneno hayo yaliufanya uchumi wa dunia uonekane kwa macho. Hiyo ni sifa yao, na si sifa ndogo.

Lakini kila sura ina dawa yake ndani yake, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Kupe hasikilizwi, hubanduliwa na kusagwa kwa kisigino. Mtu akiisha kuitwa kupe, ni vigumu umma kukumbuka kwamba anaweza kuwa na risiti zake, na wanawe, na hata haki yake. Hali hiyo ilijirudia miaka mingi baadaye, pale ambapo baada ya uchaguzi wa 2015 neno jipu lilitawala hotuba za Rais John Magufuli. Watumishi wabovu waliitwa majipu na kuondolewa kwao kukaitwa kutumbua. Wananchi waliokuwa wamechoshwa na uzembe na wizi wa mali ya umma walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia. Ila jipu halishitakiwi. Halipewi siku saba za kujieleza kwa maandishi. Linatumbuliwa, na anayelitumbua huitwa mganga. Kwa hiyo yule mtumishi ambaye huenda hakuwa na kosa alijikuta hana sentensi ya kujitetea nayo, kwani hakuna mgonjwa ambaye amewahi kulitetea jipu lake.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa mwaka 1983. Nchi ilikuwa na uhaba wa sukari, sabuni, nguo na karibu kila kitu. Waliokuwa wakificha bidhaa na kuziuza kwa bei ya kuruka walikuwa wakiitwa walanguzi, neno la sokoni. Katika kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine wakaitwa wahujumu uchumi. Hujuma ni neno la vitani: ni shambulio la adui linalofanywa kwa siri. Mlanguzi ni mtu mwenye tamaa. Mhujumu ni askari wa upande wa pili. Sheria iliyotungwa mwaka huo ililifuata neno hilo mpaka mwisho wake: watuhumiwa walipelekwa mbele ya baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida, na mawakili hawakuruhusiwa kuwatetea. Katika vita hakuna wakili. Mwaka uliofuata, 1984, sheria hiyo ilibadilishwa na mashauri yakarudishwa katika mkondo wa mahakama, nayo Serikali ikawa imekiri kwa vitendo kwamba lile neno lilikuwa limekwenda mbali kuliko kosa.

Si kila neno la vita lilikuwa na kasoro hiyo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, hotuba ya Mwalimu kwa wazee wa Dar es Salaam ya tarehe 2 Novemba ilisimama juu ya mafiga matatu, sababu, nia na uwezo, na hata mtoto wa shule aliyeisikia redioni aliweza kuirudia nyumbani. Tena adui aliitwa nduli, yaani muuaji asiye na huruma, na jina hilo lilikuwa la mtu mmoja. Halikuwa jina la taifa la Uganda. Askari aliyevuka mpaka aliambiwa, kwa neno hilo tu, kwamba watu atakaowakuta upande wa pili si maadui zake.

Kuna kijineno kimoja kinachofanya kazi kubwa kuliko yote hayo, nacho ni kiambishi tu. Baada ya vita kwisha wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Tufunge mikanda, tujitolee, tuvumilie: anayesema yumo, na anayesikiliza yumo. Kiswahili hakina namna ya kutofautisha tu ya mimi pamoja nawe na tu ya sisi bila wewe, na mzungumzaji hodari huujua mwanya huo. Hapo mwanzo, tu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Viongozi wa Azimio walifungwa na masharti yaliyowakataza kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, na mwananchi aliweza kuuona mkanda wa kiongozi wake. Miezi 18 ilipopita na mikanda ikaendelea kufungwa, watu wakaanza kutazama viuno. Tu isiyoweza kuthibitishwa kwa macho huchakaa haraka.

Pamoja na tu huenda kauli za vitenzi, ambazo walimu wa sarufi huzifundisha kana kwamba hazina siasa. Fedha za ushirika zimeibwa: mara moja msikilizaji anauliza nani ameiba. Fedha za ushirika zimepotea: hapo hakuna wa kuulizwa, ni kana kwamba zilitembea zenyewe zikaingia porini. Imeonekana vyema, imebidi, imeamuliwa, makosa yamejitokeza. Taarifa ngapi za mikutano zimejaa vitenzi vya namna hiyo! Anayetaka kujua kama kiongozi anawajibika asihesabu mara ngapi amelitaja neno uwajibikaji. Na atazame kama sentensi zake zina watendaji.

Mwaka 1973 unafaa kukumbukwa hapa. Maandiko ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 yalisema wazi kwamba kijiji cha ujamaa hujengwa na watu waliokubali kwa hiari, na vitenzi vyake vilikuwa vya kueleza, kushawishi na kuonyesha mfano. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Kazi yenyewe ikaitwa operesheni, neno lililotoka jeshini, na operesheni haina wanakijiji. Ina malengo, ina magari na ina siku ya mwisho. Katika mikoa kadhaa maofisa walifanya kama neno lilivyowaelekeza, na familia zilihamishwa kabla ya mavuno. Neno ujamaa nalo likaanza kupungua taratibu, vikaja vijiji vya maendeleo, mpaka Sheria ya mwaka 1975 ikavitaja vijiji na vijiji vya ujamaa kama vitu viwili. Zipo shule, visima na zahanati ambazo zisingejengwa kama watu wangebaki wametawanyika, na wengi waliohamishwa wamelikiri hilo. Hata hivyo, tope la safari hiyo halikutajwa kama lilivyotajwa Tabora. Wengi waliligundua walipokuwa tayari wamo ndani.

Ilipofika miaka ya 1990, majukwaa yalipata kamusi nyingine. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, sera za uchumi zilianza kugeuka, nazo zikahitaji majina ya Kiswahili. Baadhi ya majina yalikuwa na bahati. Soko huria ni mojawapo, kwa kuwa huria ni ndugu wa Uhuru, na nani aliyezaliwa katika nchi hii atakayepinga kitu cha ukoo huo? Wapinzani wake hawakubishana. Waligeuza herufi chache wakaliita soko holela, na kwa muda mrefu maneno hayo mawili yalikuwa yakipigana katika kila mazungumzo ya vijiweni. Ubinafsishaji, kwa upande mwingine, ulizaliwa na kilema. Umma uliokuwa umefundishwa kwa zaidi ya miaka 20 kwamba ubinafsi ni dhambi ya kibepari ulisikia mzizi ule ule ukirudi katika sera ya Serikali, na hakuna maelezo ya mchumi yaliyoweza kuliondoa sikio katika ulichokisikia. Inaelekea waliounda chombo cha kazi hiyo waliihisi hatari, kwani walikiita Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Kurekebisha ni kukiweka sawa kitu ambacho kitaendelea kuwa chako. Mfanyakazi wa kiwanda aliyekabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi alikuwa na haki ya kujiuliza ni kitu gani kilichorekebishwa.

Kuchangia ndilo neno lililopita kimya kimya kuliko yote. Kuanzia mwaka 1993 mgonjwa katika hospitali za Serikali alianza kutozwa fedha, na utaratibu huo ukaitwa uchangiaji wa gharama. Kwa karne nyingi kuchangia limekuwa neno la msiba na harusi: jirani anatoa alichonacho, na asiye nacho hutoa nguvu zake. Hakuna anayefukuzwa matangani kwa kukosa mchango. Dirishani hospitalini palikuwa na bei, na asiye na bei alirudi nyumbani na mtoto wake mgongoni. Serikali ilikuwa na uhaba wa fedha ulio wa kweli, na huenda hapakuwa na njia nyingine. Lakini kama ingesema waziwazi kwamba matibabu sasa yanauzwa kwa sehemu ya gharama yake, mjadala wa nani asamehewe na kwa utaratibu gani ungeanza siku hiyo hiyo.

Wahutubu hupenda pia kujificha nyuma ya methali, kwa kuwa methali haina mwenyewe na haijibiwi. Wanaotaka umma ungoje husema subira huvuta heri. Wanaotaka umma uharakishwe husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga wameacha silaha kwa pande zote mbili, na methali iliyotajwa jukwaani kwa kawaida huwa imekuja kuchukua mahali pa takwimu ambazo hazikupatikana.

Inafaa itajwe pia kwamba neno jema likichaguliwa kwa uaminifu huweza kuipa nchi kitu ambacho haikuwa nacho. Mwalimu alipokuwa akiondoka madarakani mwaka 1985 hakutaka kujiuzulu, neno lenye harufu ya kosa, wala kustaafu, neno la karani aliyefikia umri. Alichukua kutoka Kizanaki, lugha ya kwao, kitenzi kung'atuka, ambacho ni kuondoka kwa hiari ili wengine wakae. Afrika ya wakati huo ilikuwa na marais wachache sana walioondoka hivyo, na pengine Kiswahili hakikuwa na neno hilo kwa sababu halikuwa limehitajika.

Mkondo wa elimu ya msingi unaonyesha kwamba kazi hii ya majina haijakoma. Ada ilifutwa mwaka 2001, michango ikabaki. Na katika shule nyingi mzazi aliyesamehewa ada alidaiwa mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mtihani na wa jengo. Mwishoni mwa mwaka 2015 ulitolewa Waraka wa Elimu Namba 5, na kuanzia Januari 2016 elimumsingi ikatangazwa kuwa bila malipo. Mitaani ikaitwa elimu bure. Viongozi walijitahidi kusahihisha kwamba si bure, ni bila malipo. Na watu walicheka kidogo, wakidhani wanaelezwa tofauti iliyopo kati ya sita na nusu dazeni. Tofauti ilikuwapo. Mwaka 2016 ulitoka Waraka Namba 3, ukiorodhesha majukumu ya kila mhusika, na katika fungu la mzazi zilikuwamo sare, madaftari na kalamu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Mama aliyesikia bure mwezi Januari alilikuta tope lake limeandikwa katika waraka ambao haukusomwa jukwaani.